Amesoma kwa Nani, Nani Amesoma Kwake

Majengo, mtaa uliokua nje ya Mji wa Kale wa Mombasa kwa watu waliotoka huku na kule kutafuta chumba cha kupanga, mwalimu wa chuo cha Kurani hakupimwa kwa vitabu alivyotunga, maana kwa kawaida hakutunga hata kimoja. Alipimwa kwa maswali mawili: amesoma kwa nani, na nani amesoma kwake? Leo mkemia anayetafuta kazi chuo kikuu huulizwa swali moja tu, tena kwa tarakimu: makala zake zimenukuliwa mara ngapi? Wengi huona hesabu hiyo kuwa uzushi wa kompyuta. Mimi naiona kuwa mdogo wake silsila, yaani ule mnyororo wa waalimu na wanafunzi, aliyerithi swali la pili akalisahau la kwanza.

Desturi yenyewe imeandikwa. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968, alitoa huko Unguja mwaka 1944 tarehe ya Imam Shafi pamoja na wanavyuoni wakubwa wa Afrika Mashariki. Humo mwanachuoni hutajwa pamoja na waalimu wake na wanafunzi wake, na hapo ndipo uzito wake unapoonekana. Chukua Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891. Nyuma yake wapo Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir wa Unguja. Mbele yake yupo Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, na lipo gazeti la al-Amin mwenyewe, Al-Islah la mwaka 1932, lililosema na watu kwa Kiswahili chao. Kumtaja mwalimu hapa ni kumtolea ushahidi. Anayesema "nimesoma kwa fulani" huweka jina lake rehani pamoja na la fulani huyo.

Hesabu ya manukuu ilianza na nia isiyo mbali na hiyo. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza faharasa ya kumwezesha msomaji kuifuata fikra kutoka makala hadi makala. Ilikusudiwa kuwa njia ya kutafutia, ikageuka mizani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo chake: mwenye 40 ana makala 40 zilizonukuliwa kila moja angalau mara 40. Jinsi mizani hiyo inavyopunja huonekana vizuri katika kemia ya boroni. Mwaka 1979 Akira Suzuki na Norio Miyaura walionyesha namna ya kuunganisha kaboni na kaboni kwa kutumia viambato vya boroni na kichocheo cha paladi. Njia hiyo imeenea mno katika utengenezaji wa dawa, hata mara nyingi mkemia huitaja kwa jina la Suzuki bila kurejelea makala ile ya kwanza, kama vile mtu asivyotaja aliyemfundisha alifu na be. Kazi ikishazama katika kazi za wengine, tarakimu haiioni tena.

Mtu atasema, na ana haki, kwamba silsila nayo ilikuwa na mlango mwembamba. Kitabu cha Farsy ni cha wanavyuoni wakubwa. Mwanamke aliyesomesha Kurani watoto wa jirani, au mgeni wa Majengo asiye na ukoo wa kutajika, hana nafasi kubwa humo. Tarakimu haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Mkemia Herbert Brown, aliyezaliwa London mwaka 1912 kwa wazazi wahamiaji, alifiwa na babake akiwa kijana, akaacha shule kwa muda kuendesha duka la familia. Nasaba isingemfikisha popote. Nakubali. Lakini tazama alivyofika: alisoma Chuo Kikuu cha Chicago kwa Hermann Schlesinger, bingwa wa boroni, kisha Brown mwenyewe akaja kuwalea, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Suzuki na Ei-ichi Negishi, waliopata Nobeli ya mwaka 2010. Hiyo ni silsila tupu, na waliomo wote waliijua. Tofauti ni kwamba wanavyuoni wa Mombasa waliikiri ya kwao mbele za watu, ilhali faharasa huificha ya wakemia nyuma ya tarakimu inayojifanya haina mwalimu.

Brown mwenyewe hakuificha. Desemba 1979, akitoa hotuba yake ya Nobeli, hakuanza na wingi wa makala zake. Alimtaja Schlesinger, kisha akamtaja Sarah Baylen, mchumba wake, aliyempa mwaka 1936 kitabu cha Alfred Stock kuhusu hidridi za boroni na silikoni kama zawadi ya kuhitimu. Sarah alikichagua kwa sababu ndicho kilichokuwa cha bei nafuu kuliko vitabu vyote vya kemia dukani: dola 2 na senti 6.