Mti wa vifaa, na namba iliyonila siku tatu

Leo tuingie kidogo kwenye historia. Majuzi nilipoteza siku tatu kwa sababu ya namba moja tu, na nilipofuatilia asili yake nikajikuta nimerudi hadi miaka ya 1980.

Nilikuwa naunganisha kipokezi cha GPS kwenye bodi ndogo ya ARM inayoendesha Linux. Waya ziko sawa, draiva imepakiwa, lakini hakuna data hata baiti moja. Kabla sijawaambia kosa lilikuwa wapi, tujiulize: Linux hujuaje bodi ina vifaa gani?

Kwenye kompyuta ya mezani, kadi ya PCI hujitambulisha yenyewe. Ndani ya chipu ndogo, vifaa vingi viko kimya. Lazima mtu aiambie kaneli kila kifaa kiko anwani gani, kinatumia pini zipi na interapti ipi, yaani ile ishara ya kuikatiza prosesa iache kazi yake na kukihudumia kifaa.

Kwa miaka mingi watu wa ARM waliandika habari hizo ndani ya kaneli kwa lugha ya C, bodi baada ya bodi. Bodi zikazidi, faili zikafurika. Machi 2011 Linus Torvalds alichoka na fujo hiyo, akasema hadharani.

Dawa ilikuwepo zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mitch Bradley wa kampuni ya Sun alianzisha kazi iliyozaa Open Firmware, iliyokuja kuwa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994. Humo mashine huelezwa kama mti: shina, matawi, na kila kifaa na sifa zake. Mwaka 2005 Linux ya PowerPC ikaubana mti huo uwe faili moja, utumike hata kwenye bodi zisizo na Open Firmware. Baada ya 2011 ARM nao wakafuata. Linux 3.2, Januari 2012, ikaleta pinctrl ya Linus Walleij (si yule Torvalds), mfumo wa kuamua pini ifanye kazi gani, maana pini moja huweza kutumikia vifaa kadhaa.

Faida ni kubwa, lakini kuna gharama. Maelezo ya bodi yaligeuka kuwa data, na kompaila ya mti hukagua hasa sarufi na umbo. Ukiandika uongo kwa sarufi safi, inaupitisha.

Turudi kwa GPS yangu. Kwanza nilifungua pinmux-pins chini ya /sys/kernel/debug/pinctrl. Pini ya kupokea haikuwa na mwenyewe! Nilikuwa nimeandika kundi la pini, nikasahau kulitaja kwenye kifaa chenyewe. Nikarekebisha. Bado kimya.

Nikatazama /proc/interrupts: hesabu ya interapti yangu ilikuwa sifuri. Mwongozo wa chipu ulisema 75, nami nikaandika 75. Kumbe kidhibiti cha interapti cha ARM, GIC, hutenga namba 0 hadi 31 kwa mambo ya prosesa zenyewe, na kwenye mti interapti za vifaa vya pamoja huhesabiwa upya kuanzia sifuri. Mwongozo huu ulihesabu tangu mwanzo wa orodha yote. Kwa hiyo 75 kutoa 32 ni 43. Nikaandika 43, data ikamiminika.

Hapo ndipo urithi wa Open Firmware unapoonekana: namba ya interapti haina maana peke yake. Kidhibiti chake ndicho huamua isomwe vipi.

Siku hizi kuna majina badala ya baadhi ya namba (tangu 2013), na ukaguzi wa mti kwa kanuni za YAML. Husaidia sana. Lakini 75 yangu ingepita salama, kwa sababu umbo lake lilikuwa sahihi. Ukweli wa bodi bado uko kwenye mwongozo wa chipu, na ni wewe wa kuusoma.

Basi ukikwama, tazama pini kwanza, kisha hesabu ya interapti, kisha utoe 32.