Asili ya Kufichwa kwa Mafaili katika Kompyuta

Faili lililofichwa katika kompyuta halikuondolewa mahali pake, wala halikufungiwa kwa ufunguo. Limo papo hapo katika diski, na maneno yake ni kamili. Lililobadilika ni alama moja ndogo kando ya jina lake, nayo huiambia programu isomayo orodha: jina hili lipite bila kutajwa. Programu nyingine ikiamua kutojali alama hiyo, faili huonekana kama kawaida. Ufichaji huu, basi, ni pazia, si ukuta. Na watu wengi wamepata hasara kwa kutojua tofauti ya viwili hivyo.

Mwanzo wa alama hiyo katika kompyuta ndogo waonekana katika CP/M, mfumo ulioandikwa na Gary Kildall huko California katika miaka ya 1970. Nafasi ya diski ilikuwa adimu, na hila iliyotumika yastahili kutazamwa. Kila herufi ya jina la faili yaenea katika biti saba, ilhali baiti ina biti nane; biti ya nane ilikaa bure. Katika toleo la pili la CP/M, la mwaka 1979, biti hizo zilizolala ziliamshwa katika herufi tatu za mwisho wa jina. Biti ya herufi ya kwanza ilisema kuwa faili lisomwe tu, lisiandikwe. Ya herufi ya pili ilisema kuwa faili ni la mfumo, na amri ya DIR haikulitaja. Mwenye kutaka kubadili sifa hizo alitumia amri iliyoitwa STAT. Asiye na shamba kubwa hulima hata ukingo wa mfereji.

Katika maabara ya Bell, Marekani, jambo hilo hilo lilizaliwa kwa njia isiyokusudiwa. Rob Pike, mmoja wa waliofanya kazi huko, alieleza mwaka 2012 kuwa programu ya kuorodhesha mafaili ya Unix ilitakiwa kuruka majina mawili tu: nukta moja, na nukta mbili. Mwandishi wake alichagua njia fupi, akaiamuru iruke kila jina lianzalo kwa nukta. Kosa likageuka desturi, na desturi hiyo ingali hai.

Mwaka 1981 Microsoft iliununua mfumo ulioandikwa na Tim Paterson wa Seattle, na mwezi wa Agosti mfumo huo ulitoka pamoja na kompyuta ya IBM. Humo kila faili lilipewa baiti 32 katika orodha ya diski, na baiti moja nzima kati ya hizo ikatengwa kwa ajili ya sifa. Namba 2 ilimaanisha faili limefichwa, namba 4 ilimaanisha faili la mfumo. Mafaili mawili, IBMBIO.COM na IBMDOS.COM, yalitiwa alama zote mbili. Sababu haikuwa siri wala hila. Bila ya mafaili hayo diski haikuweza kuiamsha mashine, na mwenye kompyuta angeweza kuyafuta kwa bahati mbaya akisafisha diski yake. Yalifichwa kama mama afichavyo kisu juu ya kabati: si kwa kumhofu mwizi, bali kwa kuuhurumia mkono wa mtoto.

Walakini mtoto hakupewa ngazi. Amri ya ATTRIB ilikuja mwaka 1984, nayo iligusa ile sifa ya kusomwa tu. Mpaka toleo la tano la MS-DOS, mwaka 1991, ndipo ilipoweza kutia na kuondoa alama za H na S, yaani kufichwa na mfumo. Kabla ya hapo aliyetaka kuzibadili alitafuta programu za watu wengine, mathalani zile za Peter Norton. Hata amri ilipokamilika ilikuwa na kanuni ya kutatanisha: faili lenye H na S pamoja halikubali kuvuliwa moja peke yake. Aliyeandika -H tu alikataliwa, akadhani ameshindwa. Kumbe ilimpasa kuandika -H na -S katika amri moja. Windows 2000 ikaongeza pazia la pili: hata aliyechagua kuonyeshwa mafaili yaliyofichwa hakuonyeshwa yenye alama zote mbili, mpaka achague tena mahali pengine, huku akionywa.

Ulinzi huo ukawa silaha. Mwezi wa Mei 1968 haukuyajua haya, lakini Mei 2000 uliyajua: mdudu wa ILOVEYOU, aliyetoka Manila, aliharibu picha kwa kuandika juu yake, bali nyimbo za MP3 alizificha tu, akaweka nakala zake mwenyewe zenye majina ya kufanana. Mwenye nyimbo alilia msiba, na maiti hakuwapo.

Msiba wa namna hiyo uliwafikia wanafunzi wa Afrika Mashariki kwa njia ya flashi. Flashi moja huingia katika kompyuta ya chuo, ya rafiki, na ya duka la kuchapisha, na kila mlango una mgeni wake. Virusi vilitia alama za H na S juu ya folda zote, kisha vikaweka badala yake vijifaili vya njia ya mkato vyenye majina yale yale. Programu ya kinga ilipoviondoa virusi na vijifaili vyake, alama zilibaki, na flashi ikaonekana tupu. Hapo ndipo tasnifu ya miaka mitatu ilipoweza kuangamia, si kwa virusi bali kwa mkono wa mwenyewe, akiifomati flashi kwa kukata tamaa. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake: orodha ilisema hakuna kitu, na hesabu ya nafasi ilisema gigabaiti kadhaa zimeshikwa.

Dawa ni amri ile ile ya zamani. Ikiwa flashi imepewa herufi G, huandikwa: attrib -h -r -s /s /d G:\*.* Sehemu ya /s huipeleka amri katika folda za ndani, na /d huifanya iziguse folda zenyewe; bila ya /d folda zilizofichwa husalia gizani. Herufi ya diski ya mfumo isiandikwe hapo, maana mafaili yaliyofichwa humo yamefichwa kwa sababu ile ile ya IBMBIO.COM. Na katika flashi ziuzwazo leo, alama ya kufichwa ingali ni namba 2, na ya mfumo ni namba 4.