Jina la Shirazi na Ulimi wa Mama

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Katika mwambao wa Afrika Mashariki na visiwa vyake, asili ya wengi ilihifadhiwa kwa karne nyingi ndani ya jina moja: Shirazi. Tarikhi ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1552, inasimulia habari za Ali bin Hassan, mwana wa sultani wa Shirazi, aliyevuka bahari na kuinunua Kilwa kwa nguo. Masimulizi ya namna hiyo yapo pia Unguja, Pemba na Ngazija, na jina lenyewe likaingia hata katika siasa pale Afro-Shirazi Party ilipoasisiwa Unguja mwaka 1957.

Masimulizi hayo yalifasiriwa kwa njia mbili zinazopingana. Waandishi wengi wa zama za ukoloni waliyashika kuwa ushahidi kwamba misikiti na majumba ya mawe ni kazi ya wageni. Wanachuoni wa baadaye, wakitegemea uchimbuaji wa Shanga na uchunguzi wa lugha, walibainisha kwamba miji hiyo ilichipuka papo hapo ilipo, na kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Wengi wao wakauona Ushirazi kuwa ni dai la kujitukuza tu.

Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, waliozikwa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara, Lindi, na Makwasinyi iliyo bara. Ikaonekana kwamba wengi wa wale wa pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, na sehemu kubwa iliyosalia Asia, hasa Uajemi, pamoja na kiasi kidogo cha Uhindi. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500, asili ya Kiarabu ikazidi. Upande wa kuukeni ulitoka Afrika karibu wote, ilhali upande wa kuumeni, Manda na Mtwapa, ulielekea zaidi Uajemi.

Basi tarikhi haikusema uongo, wala haikusema yote. Miji ilikuwapo kabla ya kuchanganyika huko, na wengi wa marehemu hao walikuwa watu wa daraja, waliozikwa jirani na misikiti. Mifupa yao haiwezi kuwasemea wavuvi na wakulima wote wa mwambao.

Leo mtu hahitaji kufukua kaburi. Hutema mate katika kichupa nyumbani kwake, akakipeleka kwa posta, na baada ya majuma kadhaa akaletewa asilimia za nchi mbalimbali. Lakini asilimia hizo ni makisio yanayopatikana kwa kumlinganisha na watu walio hai ambao kampuni imewakusanya. Orodha ikibadilika, nazo hubadilika. Tena mtoto hurithi nusu tu ya vinasaba vya kila mzazi, hata babu wa vizazi kumi nyuma aweza kuwa hakumwachia mjukuu wake chembe yoyote. Kichupa kikinyamaza juu ya Uajemi, si hoja kwamba babu hakuwapo. Na kikiutaja, hakimfanyi mtu kuwa Mwajemi.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya damu na nasaba. Nasaba ya pwani ilihesabiwa kwa baba, na kwa hivyo majina ya wanaume na safari zao yakaandikwa, na wanawake waliowapokea wakasahauliwa. Vinasaba vimewarudisha, japo bila majina. Lakini mama hao walikuwa wameacha ushahidi mwingine, usiohitaji kichupa wala mizani: watoto wa wageni hawakukua wakisema Kiajemi, walikua wakisema Kiswahili.