Mkutano wa Dunia na Wapiga Debe wa Mafuta

Haya ndiyo maneno ya somo letu la redio, yamepigwa chapa ili mpate kuyasoma tena pole pole pamoja na mwalimu wenu. Leo twasoma historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mikutano. Twataka kujua kwa nini mataifa yalikutana kila mwaka kuzungumza juu ya joto la dunia, na miaka 28 ikapita kabla hayajaandika katika azimio lao kwamba mafuta, makaa ya mawe na gesi yapasa kuachwa.

Tuanze karibu. Ninyi mlio Kondoa mwajua makorongo ya vilima vya Irangi. Kwa miaka mingi mifugo ilimaliza majani, watu wakakata miti, na mvua ikachukua udongo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu waliuita HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika. Ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa maelfu wakahamishwa. Amri ile ilikuwa chungu. Watoto waliozoea maziwa waliyakosa, na kila mfugaji alibeba hasara yake mwenyewe. Lakini majani yalirudi, miti ikarudi, na baadaye watu wakaanza kufuga ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya mazizi.

Sasa fikiri. Kama shauri lile lingepelekwa mkutanoni kwa sharti kwamba hakuna neno litakalopita mpaka kila mwenye ng'ombe akubali, je, ng'ombe wangeondoka? Mimi sidhani. Sisemi kwamba amri ni bora kuliko mashauriano, la. Nasema tu kwamba sharti la mkutano laweza kuamua mambo kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Shikeni mfano huo, tutauhitaji.

Neno letu gumu la leo ni tabianchi. Hali ya hewa ni mvua ya leo au jua la kesho. Tabianchi ni desturi ya hewa ya nchi kwa miaka mingi. Hapa Dodoma, kwa desturi, mvua hunyesha msimu mmoja tu, kama kuanzia Desemba mpaka Aprili, na mkulima wa uwele na mtama hupanda kwa kuitegemea desturi hiyo. Lakini petroli, dizeli, makaa ya mawe na gesi ya ardhini, ambavyo kwa pamoja huitwa nishati ya kisukuku kwa kuwa ni mabaki ya viumbe vya zamani sana, vikichomwa hutoa hewa ya kaboni. Hewa hiyo hukaa angani kama blanketi, joto likazidi, na desturi ya mvua ikavurugika. Mkulima wa uwele hana kinu wala kiwanda, lakini mvua inayochelewa ni yake.

Basi mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro, Brazil, yakatia sahihi mkataba wa tabianchi. Mkutano wa kwanza wa nchi za mkataba huo ulifanyika Berlin, Ujerumani, mwaka 1995. Kabla ya kazi, kila mkutano huhitaji kanuni. Kanuni moja ilihusu kura: pakitokea ubishi, je, wengi wakikubali neno lipite? Nchi zenye mafuta, Saudi Arabia ikiwa miongoni mwao, zilipinga. Kanuni ile haikupitishwa Berlin, wala haijapitishwa hata leo. Tangu hapo maazimio makubwa hupita kwa makubaliano ya wote. Mnaona? Ni sharti lile lile tulilofikiria Kondoa: kila mwenye ng'ombe akubali.

Hapo ndipo wapiga debe walipopata kazi nyepesi. Mpiga debe mwamjua. Yupo kwenye stendi ya basi, aita abiria, naye si mwenye basi. Analipwa na mwenye basi. (Debe lenyewe, tukumbuke, lililetwa nchini likiwa na mafuta ya taa ndani yake.) Makampuni ya mafuta nayo yana wapiga debe wao, wenye suti na mikoba, ambao huingia katika mikutano na kunong'ona na wajumbe. Kuyashawishi mataifa zaidi ya 190 yafanye jambo ni kazi ngumu. Kulikwamisha jambo, nchi chache zatosha.

Kazi hiyo ilianza mapema. Mwaka 1977 mtaalamu wa kampuni ya Exxon ya Marekani, James Black, aliwaeleza wakubwa wake kwamba kuchoma mafuta kunaongeza joto la dunia. Kwa hiyo walijua. Lakini mwaka 1989 makampuni ya mafuta, ya makaa ya mawe na ya magari yaliunda chama chenye jina tamu, ambalo kwa lugha yetu ni Muungano wa Tabianchi wa Dunia, na kazi ya chama hicho ilikuwa kuupinga mkataba wowote wa kuyabana. Mwaka 1997, mkutano wa Kyoto, Japani, ulipokaribia, makampuni na wenzao walitumia dola milioni 13 kwa matangazo nchini Marekani. Waliwaambia wananchi kwamba mkataba huo haufai, kwa sababu nchi maskini hazikuwekewa viwango vya kupunguza moshi. Julai mwaka huo Baraza la Seneti la Marekani likapiga kura 95 kwa sifuri kuukataa mkataba wa namna hiyo.

Hapa ndipo Tanzania inapoingia katika habari hii. Mwaka 1997 nchi yetu ilikuwa mwenyekiti wa kundi la nchi zinazoendelea, liitwalo Kundi la 77. Aliyelisemea kundi hilo Kyoto ni Profesa Mark Mwandosya, mtaalamu wa umeme. Kazi yake haikuwa ya kuonewa wivu. Ndani ya kundi moja zilikaa nchi za visiwa vidogo, ambazo zaogopa kumezwa na bahari, pamoja na nchi za mafuta, ambazo zilitaka zilipwe fidia ikiwa dunia itapunguza kununua mafuta yao. Yeye alipaswa kusema kwa sauti moja kwa niaba ya wote hao!

Hata hivyo kundi lilifika na dai zito: nchi tajiri zipunguze moshi wao kwa asilimia 35 ifikapo mwaka 2020. Tena Brazil ilikuwa imetoa shauri zuri. Nchi tajiri itakayovunja ahadi itozwe faini, na fedha hizo ziwekwe katika mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kupata mitambo safi. Kundi la 77 likaliunga mkono. Lakini katika majadiliano, hasa na Marekani, faini ikayeyuka. Badala yake likazaliwa soko: kampuni ya nchi tajiri yaweza kugharimia mradi safi katika nchi maskini, kisha ikajihesabia upungufu wa moshi kuwa ni wake. Miradi mingi ya soko hilo ilikwenda China na India, na Afrika ikapata kidogo sana. Kiwango chenyewe cha kupunguza kikawa kama asilimia 5. Na mwaka 2001 Marekani ikajitoa. Karatasi za serikali yake zilizofichuliwa baadaye zaonyesha kwamba ule muungano wa makampuni uliambiwa kuwa maoni yake yalichangia uamuzi huo. Mwaka 2002 muungano ukavunjwa. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Wapiga debe hawakwisha. Vikundi vya raia vilianza kuwahesabu katika daftari za mikutano. Glasgow, mwaka 2021, walikuwa 503. Dubai, mwaka 2023, walifika 2,456, na mwenyekiti wa mkutano, Sultan Al Jaber, alikuwa ndiye mkuu wa kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi. Ajabu ni kwamba ni Dubai hiyo hiyo ndipo azimio lilipotaja kwa mara ya kwanza kuziacha nishati za kisukuku hatua kwa hatua. Nchi zilizodhurika zilikuwa zimechoka kungoja.

Dubai hiyo hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa kuwasaidia wanawake wa Afrika wapate nishati safi ya kupikia. Mwezi Mei 2024 akawa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris juu ya jambo hilo, ambapo ziliahidiwa dola bilioni 2.2, na mwezi huo huo Tanzania ikazindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya watu katika upishi safi ifikapo 2034. Mama anayepuliza kuni jikoni, macho yakimtoka machozi, hahitaji hotuba ya kumweleza faida yake. Miti ya Dodoma nayo ingepumua kidogo, maana mkaa unaipunguza kila siku.

Lakini soma vizuri. Sehemu kubwa ya upishi huo safi ni gesi ya mtungi, na gesi hiyo nayo ni nishati ya kisukuku. Miongoni mwa waliotoa ahadi Paris ilikuwemo kampuni ya Ufaransa, TotalEnergies, kwa zaidi ya dola milioni 400 za gesi ya kupikia. Kampuni hiyo hiyo ina asilimia 62 ya bomba la mafuta ghafi la kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Tanga. Na bomba hilo limepita wapi? Limepita Chemba na Kondoa. Hapo tusimnyoshee kidole Mfaransa peke yake, kwa kuwa Tanzania, kwa shirika lake la mafuta TPDC, ina asilimia 15. Katika mkutano wa dunia sisi nasi sasa tuna ng'ombe zizini, na ndiyo sababu wajumbe wetu hawawezi tena kusema kama watu wa mvua tu.

Mwaka 2025 mkutano ulifanyika Belem, Brazil. Nchi zaidi ya 80 zilitaka iandikwe ratiba ya kuachana na nishati za kisukuku. Nyingine zikakataa, na azimio la mwisho halikuzitaja nishati hizo kwa jina.

Zoezi la juma hili. Mwalimu aligawe darasa mafungu mawili: wenye mifugo vilimani, na wenye mashamba bondeni. Jaribuni kupitisha azimio la kuhifadhi ardhi kwa sharti la Berlin, kila mtu akubali. Kisha jaribuni tena kwa kura ya wengi. Andikeni katika madaftari maazimio yote mawili, na majina ya waliokataa.