Mashine Hukagua Vipande, Nani Hukagua Mtumaji?

Historia ya kompyuta nchini mwetu huandikwa kwa kufuata nyaya: mkongo wa SEACOM ulipowashwa Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Lakini kwa vitongoji kama Segerea, Tabata na Kinyerezi, data ilisafiri kwa daladala muda mrefu kabla ya kusafiri kwa waya. Ilitoka Kariakoo ndani ya CD, ikahamia kwenye flashi, ikafika mtaani katika mabanda ya kurushia nyimbo na muvi. Hoja yangu ni kwamba desturi ya kufungua na kukagua mafaili yaliyobanwa na kukatwa vipande ililelewa na uchukuzi huo wa mkononi, na ilisimama juu ya nguzo mbili: hesabu ya mashine na kumfahamu aliyekupa. Nguzo ya pili imeanguka, nasi tunaishi kana kwamba ya kwanza inatosha.

Kukata faili hakukuwa hila ya mafundi. Kulilazimishwa na udogo wa vyombo. Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na zuio lilipoondolewa katika miaka ya 1990, mashine zilizoingia zilitegemea disketi ya MB 1.44. Wakati huo Phil Katz wa Marekani alikuwa ameshatoa muundo wa kubana mafaili wa ZIP mwaka 1989, na Eugene Roshal wa Urusi akaleta RAR mwaka 1993. Miundo yote miwili iliwezesha mzigo mmoja kugawanywa katika vyombo vingi. CD ikaja na MB 700, kiasi ambacho modemu ya simu ya kasi ya kilobiti 56 ingehitaji zaidi ya saa 28 kukishusha bila kukatika. Hata flashi kubwa ilikuwa na mpaka wake: ikiwa imeandaliwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32, hukataa faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi imebaki tele. Aliyetaka kubeba kikubwa alikata.

Kilichokatwa lazima kiunganishwe, na hapo ukaguzi ukazaliwa. Vipande vya RAR vya zamani viliishia na rar, r00, r01. Vya baadaye vikaitwa part1, part2 na kuendelea. Vyote hukaa folda moja bila kubadilishwa majina, kwa kawaida hulingana ukubwa isipokuwa cha mwisho, na hufunguliwa kuanzia cha kwanza. Ndani yake mna nambari ya uhakiki, mara nyingi CRC-32, ambayo programu huikokotoa upya na kuilinganisha na iliyoandikwa wakati wa kufunga. Zikitofautiana, faili limeharibika. Karani wa bandarini hufanya vivyo hivyo anapohesabu magunia na kulinganisha na hati ya shehena. Lakini hesabu ikilingana, bado hatujajua aliyeandika hati ni nani.

Hilo ndilo jambo ambalo banda lilijibu. CRC hugundua ajali: CD iliyokwaruzika au upakuaji uliokatika. Haigundui ubaya, kwa sababu mwenye nia mbaya akibadilisha yaliyomo hukokotoa nambari mpya, na jaribio linapita vizuri. Mtaani, mwenye banda alikuwa mtu anayefahamika. Faili lisipofunguka, mteja alirudi na flashi yake. Kweli, flashi hizo zilisambaza virusi vingi. Ila uaminifu wa banda haukuwa usafi, ulikuwa uwajibikaji: kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba hii ni historia ya wizi wa kazi za wasanii. Hasara ya wasanii ilikuwa kubwa, na stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, zilizoletwa mwaka 2013, zilitokana na tatizo hilohilo. Hata hivyo, njia hiyohiyo ilibeba mitihani ya zamani, kazi za wachapaji na programu halali. Kosa la mzigo halifuti maarifa ya uchukuzi. Wengine watasema intaneti ya kasi imemaliza habari ya vipande. Haijaimaliza. Telegram huruhusu faili la GB 2 kwa mtumiaji asiyelipia, hivyo kikubwa zaidi bado hukatwa, na aliyekituma mara nyingi ni jina tu kwenye kioo. Mwaka 2019 kampuni ya Check Point ilifichua udhaifu uliojificha ndani ya WinRAR, programu ya kufungua mafaili hayo, kwa takriban miaka 19, uliomwezesha mshambuliaji kupenyeza programu yake katika kompyuta ya mtu aliyefungua tu kifurushi.

Kwa hiyo kasi imetupunguzia kungoja na kutuongezea wajibu. Kusanya vipande vyote, sasisha programu yako, na endesha jaribio la nambari ya uhakiki kabla ya kufungua. Kisha kokotoa alama ya uhakiki ya SHA-256 ya faili lako, uilinganishe na ile iliyotangazwa na mtoaji mwenyewe kwenye tovuti yake, si ile iliyokuja pamoja na faili. Ukikuta muvi inaishia na exe, hiyo ni programu, si muvi: ifute. Na kama huwezi kujua faili limetoka kwa nani, liache, hata vipande vyake viwe vimetimia vyote.