Rupia Iliyochakaa Simiyu na Namba Inayotolewa Florida

Rupia ya Wajerumani ya 1890 ni kipande cha fedha cha gramu 11.66. Upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm II, masharubu yamesokotwa, kofia ya chuma kichwani na ndege wa kifalme juu ya kofia. Upande wa pili simba amesimama mbele ya mti. Ikishapita mikono mingi, yale yaliyoinuka ndiyo hutangulia kufutika: mbawa za ndege, shavu, masharubu, manyoya ya simba. Mpimaji wa sarafu huanzia hapohapo, kwa lenzi na taa kali, akitafuta kilichopungua.

Katika vijiji vya Simiyu, Kimali ikiwemo, upungufu huo una sababu inayojulikana. Kabla ya rupia, mali ya Msukuma ilihesabiwa kwa ng'ombe, na biashara ilikwenda kwa shanga, nguo na majembe ya chuma waliyofua Warongo kusini magharibi mwa Ziwa Victoria. Serikali ya Kijerumani ilipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, iliyozoeleka kuwa rupia 3, kila kaya ilijikuta inatafuta fedha ya chuma, itake isitake. Ukiuza mtama, ngozi au nguvu zako, unapata sarafu, unamkabidhi mkusanya kodi, nayo inarudi bomani. Iliyobaki iligeuzwa ng'ombe. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya rupia safi kuwa adimu vijijini kwetu: Msukuma hakuweka akiba katika mtungi, aliiweka zizini.

Mwaka 1904 pesa ya shaba, iliyokuwa 64 kwa rupia, ilipisha heller 100 kwa rupia. Zikaja heller 5 na 10 zenye tundu katikati, zinazofungika kamba kiunoni. Waingereza nao walipenda tundu: senti 10 ya Afrika Mashariki, ya shaba, pana kama kizibo cha chupa, ina pembe za ndovu zikizunguka tundu lake. Shilingi ya 1921 ilikuwa na fedha robo tu, na kuanzia 1948 haikuwa na fedha kabisa. Hizo ndizo sarafu za enzi ya pamba, za miaka ambayo Paul Bomani na wenzake waliunganisha wakulima mpaka likapatikana Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Zilifanya kazi, zikachakaa.

Ya Tabora ina habari nyingine. Manowari za Kiingereza zilipoziba bahari wakati wa Vita Kuu, koloni liliishiwa na fedha. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, zikapigwa heller 20 na heller 5 za vita, zenye herufi T. Kisha dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Singida ya leo, ikatengenezwa sarafu ya rupia 15: tembo amepandisha mkonga, nyuma yake milima. Zilitoka 16,198, kwa mihuri miwili, na wakusanyaji huitofautisha kwa kuangalia urembo wa pembeni unaishia chini ya herufi gani ya neno OSTAFRIKA. Rupia 15 ilikuwa kodi ya nyumba ya miaka mitano. Haikuwa chenji ya sokoni. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916, na tembo wengi wakaishia kwenye masanduku ya kumbukumbu Ulaya, wakiwa wazima.

Sasa tuje kwenye namba. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon, mwanasaikolojia, aliweka kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti za zamani za shaba za nchini kwake. (Mtu huyohuyo baadaye alibainika kuwa alikuwa akizibadilisha sarafu bora za jumba la makumbusho la sarafu la New York kwa zake zilizo duni, ndiye aliyetupa mizani.) Kampuni za Kimarekani PCGS, 1986, na NGC, 1987, ambayo sasa iko Florida, zilikifanya kipimo hicho biashara. Mwenye sarafu hujiunga uanachama au hupitia kwa mfanyabiashara aliyeidhinishwa, hujaza fomu, hulipa kulingana na thamani anayoitaja, na huituma kwa posta yenye bima. Kwenye kampuni hupimwa uzito, hukaguliwa na wapimaji zaidi ya mmoja wasiojua mwenyewe ni nani, kisha hufungwa ndani ya kasha la plastiki lenye namba. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kutumika.

Kwa hiyo rupia inayopata 65 karibu hakika haikuwahi kulipa kodi Usukuma. Sioni ubaya wa kipimo chenyewe. Soko linahitaji lugha moja, na tembo bandia wa Tabora ni wengi kiasi kwamba uthibitisho wa uhalisi una faida kuliko namba. Ila tusikichukulie kuwa kipimo cha historia.

Ubaya mkubwa tunaufanya wenyewe. Mtu akiokota rupia shambani, jambo la kwanza ni majivu, ndimu au dawa ya meno mpaka ing'ae. Mpimaji akiona mikwaruzo hiyo, au tundu la sonara aliyeigeuza kidani, huandika kuwa ni halisi lakini imeharibiwa, na namba haipati. Ule weusi wa miaka 100 ulikuwa kinga. Maji safi na kitambaa laini bila kusugua vinatosha, na mara nyingi hata hivyo havihitajiki. Wengine hudanganywa na madalali wa “mali za Mjerumani”, ambao huahidi mamilioni kwa heller ya kawaida isiyofikia hata gharama ya kuituma.

Lipo pia suala la kuvusha mpaka. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nje kunahitaji kibali. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimo humo bila mjadala. Rupia, heller na tembo wa Tabora ni vya baada ya mwaka huo, na hulindwa endapo tu waziri atavitangaza.