Nywele za mama zetu: nani aliyepima iliyo ya kawaida?

Bukavu. Ukipita soko la Kadutu asubuhi, utakuta akina mama wakisukwa meshi. Swali moja linarudi kila mara: «Nywele zangu hazikui, tena zinatoka. Ni ugonjwa?» Ili kujibu, tujue kwanza kipimo cha kawaida kilitoka wapi.

Katika karne ya 19, wasomi wa Ulaya walipima nywele ili kupanga watu kwa rangi. Mwaka 1863, Pruner-Bey huko Paris alitazama umbo la nywele zilizokatwa ili kutenganisha mataifa. Mwaka 1908, Mjerumani Eugen Fischer alifika Rehoboth, Namibia, kuchunguza wenyeji wenye damu ya mchanganyiko. Alikuwa ametengeneza kibao cha kulinganisha rangi za nywele. Baadaye mawazo yake yaliwasaidia Wanazi. Afya ya mwanamke haikuwa shida yao.

Waganga walikuja nyuma. Mwaka 1957, huko Marekani, Van Scott na wenzake walitazama mizizi ya nywele kwa darubini: iliyo mingi inakua, michache inapumzika kabla ya kuanguka. Kumbe nywele chache kubaki kwenye kitana si ugonjwa.

Lakini hesabu nyingi zilifanywa juu ya Wazungu. Mwaka 2001 ndipo Loussouarn, huko Ufaransa, alitangaza vipimo vya vijana 38 wenye asili ya Afrika ya kati na magharibi, nusu yao wanawake. Nywele zao zilikua mikromita 256 kwa siku, karibu milimita 8 kwa mwezi. Za Wazungu 396, karibu milimita 12. Kwa sentimita moja ya mraba walikuwa na nywele 190 hivi, Wazungu 227.

Basi mama ambaye nywele zake zinakua polepole hana kasoro. Alipimwa kwa kipimo cha mwingine. Hata hivyo, watu 38 ni wachache mno kusemea bara zima.

Kisicho cha kawaida ni upara wa pembeni mwa uso. Uchunguzi wa Cape Town wa mwaka 2007 uliukuta kwa karibu mwanamke 1 kati ya 3, na unaletwa na kuvuta nywele sana. Mama, msuko ukiuma, sema ulegezwe. Uchungu huo nao ni kipimo.